Kioo cha Mombasa Hakifai Kangema: Yajue Haya Kabla ya Kubadilisha Madirisha

Leo naomba radhi nisizungumzie siasa za kaunti wala takataka za mitaani. Nataka tuzungumze juu ya kioo cha dirisha. Najua wapo watakaosema mzee kaishiwa na la kuandika. Ngojeni kwanza niwaeleze kilichotokea, kisha mtaamua wenyewe.

Mdogo wangu wa kike ameolewa bara, Kangema, kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua, si mbali na Nyeri. Ni nchi ya majani chai. Kiwanda cha Kanyenyaini kiko huko huko. Julai iliyopita alikuwa amejifungua mtoto wa pili, hata arubaini haijatimia. Sisi watu wa pwani tukisikia neno baridi twafikiria ile ya alfajiri wakati wa kusi, ambayo leso mbili zaitosha. Baridi ya Kangema mwezi wa Julai ni nyingine. Mawingu hukaa juu ya vilima siku nzima, jua halionekani, na usiku ukiamka kwenda msalani sakafu inakuuma nyayo.

Shemeji akaona amfanyie mtoto jambo la maana. Akauza ndama, akaita fundi, yakang'olewa madirisha mawili ya chuma ya chumba cha kulala, yakatiwa ya alumini yenye mpira kandokando. Kioo akachagua cha rangi ya kahawia iliyokolea. Alikiona Mombasa alipokuja kuposa, kwenye nyumba mpya za Nyali, kikampendeza. Fundi naye, kwa kutaka kazi yake ionekane safi, akayaziba kwa saruji yale matundu yenye wavu yaliyo juu ya dirisha. Usiku huo huo wakaingiza jiko la makaa chumbani kama walivyozoea.

Alfajiri mamake shemeji, ambaye sote twamwita shosho kama wajukuu wanavyomwita, alikuja na uji wa mzazi. Akabisha, kimya. Akasukuma mlango. Mdogo wangu alikuwa macho lakini hawezi kuinuka, kichwa chamgonga na ametapika kitandani. Mumewe alikuwa kama mtu aliyelewa. Mtoto alikuwa amelegea. Shosho akafungua mlango na madirisha, akamtoa mtoto nje kwenye umande, akapiga kelele majirani wakaja. Hospitalini walitiwa hewa ya oksijeni, na leo, alhamdulillahi, wote ni wazima.

Nilipanda treni siku ya pili hadi Nairobi, kisha matatu kupitia Thika, Kenol na Murang'a mjini. Njia nzima nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Nilipofika nikaona hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichokosekana ni elimu kidogo ya kioo, joto na hewa. Nilikaa majuma mawili nikisoma na kuwauliza mafundi, na hayo ndiyo ninayowaletea. Wengi wetu tuna watoto wanaosoma au kufanya kazi Nyeri, Nanyuki na Murang'a, na ninyi mnaojenga hapa pwani pia mtapata lenu mwishoni.

Joto hupitaje kwenye kioo?

Kioo cha kawaida kina tabia ya ajabu. Mwanga wa jua hupita karibu wote. Ukishaingia, hupiga sakafu, kuta na godoro, navyo vikapata joto. Lakini lile joto linalotoka kwenye ukuta au kwenye mwili wa mtu halipiti kwenye kioo kama mwanga upitavyo. Kioo hulinyonya, kikapata joto chenyewe, kisha kikalitema nje kwenye baridi. Kwa hivyo mchana dirisha hukuingizia joto bure, na usiku hukuibia.

Wizi huo hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa kwa herufi U. Kadiri U inavyokuwa ndogo, ndivyo joto linavyopotea kidogo. Kioo kimoja cha kawaida kina U ya karibu 5.8. Tuchukue dirisha la mita 1.2 kwa 1.2, ndani nyuzi 18 na nje nyuzi 10. Kwa kioo kimoja, dirisha hilo hupoteza karibu wati 67 mfululizo, kiasi cha bulbu moja ya zamani inayowaka usiku kucha kuupasha moto uwanja wa jirani.

Kipimo cha pili huandikwa kwa herufi g. Hicho chaeleza ni sehemu gani ya joto la jua inayoingia ndani. Kioo cheupe kimoja huingiza karibu asilimia 85. Mkishazijua herufi hizi mbili, hakuna muuzaji wa kuwachezea. Kule kwenye baridi mwatafuta U ndogo na g kubwa. Huku kwenye joto mwatafuta g ndogo kwanza.

Kioo cha rangi

Hapa ndipo shemeji alipoteleza. Kioo cha kahawia, cha kijivu au cha kijani hupunguza jua linaloingia. Hupunguza g. Lakini U yake ni ile ile ya kioo cheupe. Yaani usiku kinapoteza joto sawasawa na kioo cheupe, na mchana kinazuia lile joto la bure ambalo Kangema hulipata kwa shida mwezi wa Julai. Hata siku ya mawingu, mwanga unaopenya huleta joto kiasi. Shemeji alilipa zaidi ili chumba cha mtoto kiwe baridi zaidi.

Ndivyo kilivyo pia kile kioo cha kuakisi, ambacho mtu akiwa nje mchana hujiona kama kwenye kioo cha kujitazamia. Kina kazi yake Mombasa, kwenye dirisha linalotazama magharibi. Kwenye chumba cha kichanga cha milimani hakina kazi. Na wanaokipendea sitara wajue kwamba usiku taa ikiwashwa ndani hugeuka: walio nje ndio wanaowaona.

Kioo kinene

Fundi alinishauri, "Mzee, tukitaka joto tutie cha milimita 6 badala ya 4." Nilikuwa karibu kukubali. Kumbe unene wa kioo haubadilishi U kwa kiasi cha maana, kwa sababu kioo chenyewe hupitisha joto kwa urahisi. Unene wasaidia nguvu na hupunguza kelele. Dirisha likiwa kubwa au mahali pana upepo mkali, tia kinene. Ukitaka kuzuia baridi, pesa hizo ziweke kwingine.

Vivyo hivyo kioo kilichochomwa, ambacho kikivunjika huwa punje punje, na kile cha vipande viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati. Hivyo ni vya usalama, navyo vyafaa mlangoni na mahali pa watoto. Baridi hazizuii.

Vioo viwili vyenye hewa katikati

Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia. Ndiyo maana blanketi la manyoya lashinda shuka. Vioo viwili vikiachana kwa milimita 12 hadi 16 na kuzibwa pembeni, U hushuka kutoka 5.8 hadi karibu 2.8. Lile dirisha letu la wati 67 sasa hupoteza kama 32. Nafasi ikiwa ya milimita 6 tu, faida hupungua, kwa hivyo uliza upana wa nafasi kabla hujalipa. Faida nyingine ni kwamba kioo cha ndani hakiwi baridi sana, basi dirisha halitoi jasho. Lile jasho la asubuhi ndilo linalolowesha mbao na kuota kuvu, na kuvu ni adui wa kifua cha mtoto.

Na hapa pana jambo la kuangalia sana kwa sisi wa pwani. Nilitaka kuagiza vioo vya namna hiyo Mombasa, kwa fundi ninayemjua, nivipeleke kwa lori. Haifai. Hewa inayofungiwa katikati ya vioo ufukweni ina kani ya ufukweni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kangema nako ni juu namna hiyo. Huko kani ya hewa ya nje ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Hewa iliyofungwa husukuma, vioo vikabenuka, na vyaweza kupasuka au ule uzio wa pembeni ukaachia. Vioo vya kwenda milimani vifungiwe milimani, au vitiwe kijibomba chembamba cha kusawazisha hewa. Sikulijua hilo kabla ya safari hii.

Kioo chenye upako

Kipo kioo kilichopakwa tabaka jembamba mno la madini, jembamba hata halionekani. Mafundi wa Nairobi hukiita lo-i. Kioo kitupu hutoa joto lake kwa asilimia 84 ya kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Chenye upako mzuri hutoa chini ya asilimia 15. Kwa hivyo joto la chumba hurudishwa chumbani. Vioo viwili, kimoja kikiwa na upako, U yaweza kushuka hadi 1.8 au chini yake.

Lakini upako una aina na una upande. Iko aina ya nchi za baridi, inayoruhusu jua kuingia, na iko ya nchi za joto, inayolizuia. Kwa kawaida upako wa baridi hukaa kwenye kioo cha ndani, upande unaotazama ile nafasi ya hewa. Upako wa kuzuia jua hukaa kwenye kioo cha nje, upande unaotazama nafasi ile ile. Mtu akikuuzia, washa kiberiti mbele ya dirisha gizani ukatazame vivuli vya moto. Vioo viwili vitakuonyesha miali minne. Mmoja ukiwa na rangi tofauti na wenzake, upako upo. Yote minne ikifanana, umeuziwa kioo kitupu kwa bei ya upako.

Kabla ya kioo, tazama juu

Sasa niwaambie lililonishangaza. Jioni moja nikiwa nimelala kitandani kwa mdogo wangu nilitazama juu nikaona bati tupu, hakuna silingi. Nikachukua kalamu. Bati lisilo na kitu chini yake lina U ya karibu 7. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita 16 za mraba za bati. Kwa tofauti ile ile ya nyuzi 8, bati hupoteza karibu wati 900. Madirisha mawili, hata ya kioo kimoja, hayafiki wati 140.

Ndama wa shemeji alikwenda kwenye madirisha, na joto lote lilikuwa linapaa juu ya vichwa vyao. Silingi ya mbao au ya bodi, bila mbwembwe, hupunguza upotevu huo kwa nusu na zaidi, na bei yake haikaribii ya vioo viwili. Mwenye pesa kidogo aanze hapo. Kisha atie mapazia mazito yenye tabaka mbili, yanayofungwa jua linapotua na kufunguliwa linapotoka. Kioo ni cha tatu.

Tena asisahau fremu. Chuma na alumini hupitisha joto upesi sana, mbao hupitisha kidogo. Ipo alumini iliyokatwa katikati kwa plastiki ili baridi isivuke. Kama wanunua vioo viwili vya gharama, usivitie kwenye alumini tupu ukapoteza sehemu ya ulicholipia.

Nyumba lazima ipumue

Nirudi kwenye usiku ule. Jiko la makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho kama moshi. Ikiingia kwenye damu hushika mahali pa oksijeni kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Aliyelala haamki kuusikia usingizi huo.

Miaka yote ile walilala na jiko na hawakudhurika kwa sababu yale madirisha mabovu ya chuma yalikuwa yanavuja, na yale matundu ya juu yalikuwa wazi. Ubovu ule ndio uliokuwa ukiwaokoa. Siku tulipowapa madirisha mazuri tuliwaondolea kinga yao bila kujua.

Shosho alilieleza vizuri kuliko vitabu. Tuliketi jikoni kwake, nje ya nyumba kubwa, akaniambia, "Mtu wa Mombasa, mimi nilizaliwa kwa nyumba ya nyasi, ya mviringo. Dirisha hakuna. Moto katikati. Moshi mwingi, macho yanalia. Lakini nyasi ilikuwa inatoa hewa. Hii yenu mmefunga kama chupa."

Kwa hivyo andikeni hili mahali: yale matundu ya juu ya dirisha yasizibwe. Ndiyo, yatatoa joto kidogo. Hiyo ni kodi ya kupumua, na watu wanne ndani ya chumba hutoa unyevu mwingi usiku mmoja. Wala matundu si ruhusa ya kuingiza jiko. Makaa hayalali chumbani na watu, hata dirisha likiwa wazi, hata yakiwa yameshashika na hayatoi moshi. Yakiwa mekundu bila moshi ndipo watu hudanganyika.

Tulichofanya sisi

Tulianza na fundi. Nilimwita, nikamwambia hatukumlaumu, nikamwomba ayafungue matundu. Alikuja na patasi kabla ya chai ya asubuhi, na hakutaka kulipwa. Akatia wavu mpya wa mbu. Akaniambia, "Mzee, nimeziba nyingi hapa Kangema. Nitazipitia."

Kioo cha kahawia tulikitoa, kikaenda stoo. Dirisha la mashariki, linalopata jua la asubuhi likijaliwa kutoka, likatiwa kioo cheupe cha milimita 4. Vioo viwili vya kiwandani hatukuviweza. Seremala wa pale alitutengenezea fremu nyepesi za mbao zenye kioo cha pili, tukazifunga kwa ndani sentimita 3 kutoka kwenye kioo cha kwanza, kwa bawaba, ili zifunguliwe kusafishwa. Hazifikii za kiwandani kwa kuzibika, lakini zazuia baridi kwa kiasi kinachokaribia hizo. Silingi ilimalizika siku mbili kabla sijaondoka. Jiko likabaki kwa shosho. Kitanda kinapashwa kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye leso, na huondolewa kabla mtoto hajalazwa.

Usiku wa mwisho niliweka kipimajoto chumbani. Saa kumi na moja alfajiri kilisoma nyuzi 16. Si joto la Mombasa, lakini bila makaa na kwa blanketi, mtoto alilala.

Na huku kwetu

Hapa pwani hesabu hugeuka. Jua la alasiri likipiga dirisha la magharibi moja kwa moja, kila mita ya mraba yaweza kupokea wati 500 na zaidi. Huku rangi, kuakisi na upako wa kuzuia jua vina maana. Lakini bora zaidi ni kulizuia jua kabla halijafika kwenye kioo, kwa kibaraza au ubao wa nje, kwa sababu likishapita, pazia la ndani limechelewa. Wazee wetu wa Mji wa Kale na wa Lamu walilijua hilo. Madirisha yao ya mbao yenye mabapa ya mshazari yalizuia jua nje na kuruhusu upepo ndani.

Kama huna eyakondishina, usijitie gharama za vioo viwili. Fungua upepo upite. Kama unayo, basi luva ni hasara, kwani ubaridi unaolipia stima hutoka kati ya kioo na kioo. Tia dirisha linalofunga vizuri, kioo chenye g ndogo, na ukinunua vioo viwili kagua ile gundi ya pembeni. Unyevu wetu ukipenya katikati, kioo hupata ukungu usiofutika, na dawa yake ni kununua kingine. Na mwenye jiko la makaa ndani ya fleti yenye eyakondishina, yale ya usiku wa Kangema yanamhusu pia.

Mtoto wetu ametimiza arubaini. Shosho ndiye aliyepewa heshima ya kumtoa nje mara ya kwanza, na alipomtoa alisema kwa kicheko kwamba kwa hesabu yake hiyo ilikuwa mara ya pili.